Adolfu Mhunzi na Damu ya Fransiska

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawaitikia marahaba hata kabla hamjaniamkia. Leo tunamkumbuka Adolfu, mhunzi, mume wa Fransiska. Tumemzika Jumamosi kule Kate.

Turudi mwaka sabini na tano. Tumehamia kijiji cha ujamaa, kila mtu na nguzo zake begani. Maharage yetu, mboga zetu, vyote tumeviacha mahame. Tunakula ugali wa ulezi na chumvi. Fransiska ana mimba ya kwanza, na kila siku anapauka. Akitwanga kidogo tu anahema kama aliyekimbizwa na ng'ombe. Adolfu anamwangalia, nyundo mkononi, kazi haiendi.

Akampeleka zahanati. Kulikuwa na nesi ametoka Mbeya, Atusaye. Nesi akafunua kope ya chini, ndani peupe. Akasema damu ya mama huyu imepungukiwa chuma. Akampa vidonge vichache vilivyokuwepo.

Chuma. Sasa mtu wa watu, babu zake ndio walioyeyusha mawe kwenye malungu, yale matanuru yetu marefu ya udongo. Chuma ndicho alichokijua. Vidonge vilipoisha akachukua jembe kuukuu, akalikwangua kwa tupa, unga wake akautia kwenye uji wa mkewe. Kwa mapenzi kabisa, jamani. Fransiska akanywa, akatapika mpaka akalegea.

Kwetu mama mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso. Basi yule bibi akaugeukia ukuta, akauambia ukuta: "Mwanangu analishwa jembe. Sijui atazaa mtoto au atazaa nyundo."

Tukataka kucheka, tukashindwa. Midomo ya Fransiska ilikuwa rangi ya majivu.

Tukampakia kwenye lori la kijiji kwenda hospitali, tukapanda naye Adolfu, ndugu zake, nesi, na mimi jirani. Njia ya Sumbawanga mashimo matupu. Nesi ameshika mkono wa mgonjwa, anasikiliza mapigo. Adolfu akamuuliza kama amemuua mkewe. Ndipo nesi akamweleza, nami niliyeishia darasa la pili nikaelewa. Kwamba kwenye damu mna chembe nyekundu, ndogo hazionekani kwa macho, za mviringo, zimebonyea katikati kama andazi lililobonyezwa kwa kidole. Ndani yake mna chuma. Hicho chuma ndicho kinachokamata hewa safi kwenye mapafu, damu ikaipeleka mwili mzima, mpaka kwa mtoto tumboni. Chuma kikiwa haba, hewa haina mbebaji. Na mwili unakipata kwenye maharage, majani, maini, dagaa. Unga wa jembe ulimchafua tumbo tu. Sasa muda umekwisha, anahitaji damu ya mtu.

Hospitali wakasema ndugu watoe. Hapo sasa. Ulikuwa msimu wa kupiga matuta, na watu waliamini ukitolewa damu hushiki jembe tena. Ndugu mmoja akaenda kutafuta maji ya kunywa. Mwingine akaenda kumtafuta aliyekwenda kutafuta maji. Yangu mimi ikapimwa, ikakataa. Ya Adolfu ikapatana na ya mkewe.

Alikaa kwenye benchi, anaitazama mikono yake. Mikono ile ndiyo riziki yake.

"Nesi, hizo chembe zikitoka, zinarudi?"

"Zinarudi, baba. Hata usipotoa, chembe inaishi kama miezi minne tu. Ikifa, mwili unaokota chuma chake, unatengeneza nyingine."

"Inatengenezewa wapi?"

"Ndani ya mifupa. Tanuru unalo mwenyewe."

Akakunja mkono wa shati.

Fransiska akapona. Akazaliwa Eustaki, mzima. Adolfu akapiga nyundo yake miaka mingi. Ila woga haukumtoka. Msibani Fransiska mwenyewe aliniambia: "Maisha yote alikuwa ananiuliza, umechoka? Nikisema hapana, haamini. Hata juzi, kikombe hawezi kunyanyua, ananiuliza mimi kama nimechoka."

Fransiska, Eustaki, na ukoo wote, poleni sana. Mungu ampumzishe Adolfu.

Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako yupo mjamzito, nenda ukamuulize hali yake. Akisema anahema, anaona kizunguzungu, mpeleke zahanati leo leo. Zima redio uende. Mimi nitaongea hata na ukuta.