Mwalimu Idarusi, Aliyemvisha Kashata Kanga

Na Praxeda Luka, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Mwalimu Idarusi Sabiri anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya kupanda farasi kwa miaka ishirini na sita. Tulidhani tungekuwa tumeshajiandaa. Wapi!

Alianza kwa kusafisha mabanda, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu wa kuruka viunzi. Waulize wanafunzi wake, wote watakutajia sauti moja kutoka upande wa pili wa uwanja: "Muachie shingo!" Farasi akiwa hewani hujisawazisha kwa shingo na kichwa, kama mtu anayevuka mtaro juu ya ubao anavyotanua mikono. Mpandaji akivuta hatamu wakati huo, amemfunga mikono.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Kashata, farasi jike mwenye mbio na roho nzuri. Kila akiruka alitua vibaya, akajikwaa, na mara mbili akambwaga mpandaji wake topeni. Mwenye shule akachoka. Alisema wazi kwamba Kashata akianguka tena kwenye maonyesho ya Idi Pili mwaka huu, anauzwa. Mnunuzi wa kumvutisha mkokoteni alishapatikana.

Mwalimu alikosa raha kabisa. Alimtazama Kashata, kisha akamtazama mpandaji, Benedikta, akaona tatizo: binti alikuwa akining'inia kwenye hatamu kwa hofu. Akamfunga Kashata kanga shingoni ili wakati wa kuruka Benedikta ashike hiyo badala ya kuvuta hatamu. Kanga yenyewe, jamani, hakuinunua! Mkewe, Bi Tausi, alifunga safari kutoka nyumbani kwao Makorora kuisaka, akaikuta inang'aa shingoni mwa farasi. Akatamka mbele yetu sote kwamba kumbe mke mwenzake ndiye huyu, tena kapendeza kumshinda yeye. Mwalimu alitafuta pa kujificha. Kanga haikurudi Makorora.

Idi Pili ikafika, uwanja umelowa kwa masika. Kashata akavuka kiunzi baada ya kiunzi, watu wanashangilia. Akikikaribia cha mwisho, kanga ikafunguka, ikaanguka chini! Tulishika vichwa. Mwalimu midomo ilikuwa ikicheza, sauti haitoki. Benedikta akapeleka mikono mbele, akalegeza hatamu, akamwachia Kashata shingo yote. Loh! Farasi alipaa, akatua wima, akaendelea na mbio zake kana kwamba hakuna lililotokea. Mwalimu alilia hadharani, wala hakujali nani anamwona. Na sisi tulilia.

Mwalimu Idarusi, asante kwa subira yako, kwa makelele yako, na kwa mifupa yetu ambayo haikuvunjika. Nenda ukapumzike na Bi Tausi kwa afya na baraka tele. Mnunuzi alipiga simu tena juzi, na mwenye shule amemjibu mwenyewe, mbele yetu, kwa neno moja: hauzwi.