Masahihisho Hukaa Juu: Kumuaga Bi Mkasi

Masahihisho. Miaka tisa iliyopita, toleo la 622 la jarida letu lilisema kwamba mhariri alikosea kutangaza programu ambayo haikuwa imepimwa. Ukweli ni kwamba mhariri alihakikishiwa kuwa imepimwa. Aliyemhakikishia, na aliyekosea, ni mimi mwandishi wa wasifu huu.

Sasa tuendelee na sherehe. Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa nne kamili asubuhi, Bi Mkasi anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi katika ofisi hii. Ishirini na mmoja kati ya hiyo amekuwa mhariri wa Muhtasari wa Wiki. Ametoa matoleo elfu moja na tisini na moja. Wiki alizokosa ni nne tu: mbili za upasuaji wa jicho, moja ya msiba wa mama yake, na moja ambayo panya walitafuna waya wa mtandao Alhamisi na fundi akaonekana Jumatatu.

Wageni wetu, hasa ndugu zake ambao kwa miaka yote wamekuwa wakiuliza dada yao anafanya kazi gani hasa, wanastahili maelezo. Sisi hutengeneza programu ya kuendesha maktaba. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaweza kuifungua, kuisoma ndani, kuirekebisha na kumgawia mwenzake bila kuomba ruhusa. Wanaoitengeneza ni mia tatu na kitu, wengi wao wa kujitolea, na hawajawahi kukaa chumba kimoja. Hubishana kwa barua pepe, katika orodha moja iliyo wazi kwa kila anayetaka kusoma, na kwa wiki barua hizo hupita mia nne. Mkutubi wa shule anayetaka kujua kwa nini kitufe chake kimehama hana muda wa kusoma barua mia nne. Alimsoma Bi Mkasi, ukurasa mmoja, kila Ijumaa.

Alikuja hapa akiwa karani wa mapokezi, mwenye cheti cha kupiga chapa na, kwa maneno yake mwenyewe, ugonjwa wa kuuliza. Mwaka wa pili Mwenyekiti wa wakati ule alilalamika mbele ya meza yake kwamba hajui watu wake wanafanya nini. Ijumaa hiyo Bi Mkasi akamwekea karatasi moja mezani. Ijumaa iliyofuata Mwenyekiti alikuja mwenyewe mapokezi kuulizia nyingine, na kazi ikawa imezaliwa bila barua ya uteuzi. Barua yenyewe ilifika baada ya miezi saba.

Utaratibu wake haukubadilika. Jumatatu alisoma orodha yote. Jumanne alisoma mabadiliko yaliyoingizwa kwenye programu, moja baada ya jingine, ingawa hakuwahi kusomea kompyuta. Pale asipoelewa alimpigia simu aliyeandika na kumuuliza mambo matatu tu: nini kimebadilika, kwa nani, na huyo mtu afanye nini sasa. Wataalamu wenye shahada mbili walibabaika kwa swali la pili. Jumatano aliandika. Alhamisi alichapa yote kwenye karatasi, akatoa mkasi wake mkubwa wenye mishikio myeusi, akakata kila habari ukanda wake na kuzipanga juu ya meza ndefu, akizisogeza huku na huku mpaka iliyo muhimu zaidi iwe juu. Siku hiyo feni ilizimwa na madirisha yakafungwa, nasi wengine tukatokwa jasho kimyakimya. Mhandisi mmoja mgeni aliwasha feni wiki yake ya kwanza kazini. Habari ya kuchapisha kadi za wasomaji iliruka ikaingia chini ya kabati, na tuliiokota miezi mitano baadaye tulipokuwa tunapaka rangi.

Jina la Bi Mkasi halikutokana na karatasi peke yake. Mtu alimpelekea mistari arobaini ya kujimwagia sifa, na Ijumaa akakuta imebaki hivi: "Kitufe cha kutafuta sasa kiko kulia." Mhusika, ambaye leo ni mhandisi wetu mkuu na yuko ukumbini, alinuna siku tatu. Siku ya nne akapata barua ya mkutubi asiyemjua, akimshukuru kwa kile kitufe. Anakiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nje kuelewa kazi yake.

Mwisho wa kila toleo palikuwa na sehemu aliyoiita Mikono Mipya. Humo aliorodhesha kila mtu ambaye mchango wake umepokelewa kwa mara ya kwanza wiki hiyo, hata kama amerekebisha nukta. Jina langu lilitokea humo miaka kumi na saba iliyopita, na kweli nilikuwa nimerekebisha nukta. Mama yangu aliukata ukurasa ule akaubandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na upo mpaka leo.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: habari isiyo na anwani haichapwi. Kila alichokiandika kilionyesha barua iliyokisema, kwenye orodha ya wazi, ili msomaji mwenye shaka akajionee mwenyewe. Ya pili: masahihisho hukaa juu. Magazeti mengi huficha makosa yao chini, karibu na matangazo ya vyumba vya kupanga. Yeye aliyapandisha juu ya habari zote, kwa sentensi tatu: tulisema nini, ukweli ni upi, nani alikosea. Sababu hazikuruhusiwa. Alikuwa akisema kwamba sababu ni za kumliwaza aliyekosea, na msomaji hana wajibu wa kumliwaza mtu.

Nilipopewa kuandika wasifu huu nilipitia matoleo yote. Nimehesabu masahihisho thelathini na nane. Thelathini na saba ni makosa yake kweli, mengi ni tarehe na majina. Hilo moja lililobaki ni langu, na kuanzia hapa siwezi tena kusema "sisi".

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano wa mwaka. Nilikuwa nimetengeneza sehemu mpya ya kutunza orodha ya walioazima vitabu, na nilikuwa nagombea nafasi katika halmashauri. Nilitaka wajumbe waingie mkutanoni wameisoma habari yangu. Nilimpigia Bi Mkasi simu, vikanda vyake vikiwa vimeshapangwa. Alinijibu kama anavyowajibu wote: "Andika kwenye orodha, mdogo wangu, hata mstari mmoja, nipate anwani." Nikamwambia: "Dada, niko njiani, mtandao hapa hamna. Weka tu, tumeshapima kwenye mashine zote." Aliuliza tena kama ni zote. Nikasema zote. Nilikuwa nimepima kwenye mashine mbili, zote mpya, zote zangu.

Akanijibu, "Haya." Ndiyo mara pekee ninayoijua aliyovunja sheria yake ya kwanza, na aliivunja kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa karibu, niliyekula kwake Jumapili na kumwita mume wake shemeji.

Jumatatu simu hazikupumua. Kwenye kompyuta za zamani, ambazo ndizo shule nyingi zinazo, sehemu yangu ilikuwa imefuta majina ya walioazima vitabu. Maktaba mia mbili na kumi hazikujua nani ana nini. Wakutubi walibandika matangazo mlangoni wakiwaomba wasomaji wajitaje. Mkutubi mmoja alituandikia kwamba kwake vilirudi vitabu vingi kuliko vilivyoazimwa, vingine vimekaa kwa watu miaka kumi. Tulicheka sana kwa hilo, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Siku hiyohiyo Bi Mkasi alitoa toleo la dharura, nalo ndilo la 622. Sentensi ya tatu ilisema: "Mhariri alikosea." Halmashauri ikamwita. Walimuuliza habari ile aliipata wapi. Akasema habari haikuwa na anwani, sheria ni yake, na aliyeivunja ni yeye. Walimuuliza mara ya pili, akarudia vilevile. Mimi nilikuwa mjumbe mpya, nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, nimejitia hamnazo na kikombe changu cha chai. Hakunitazama hata mara moja. Nafikiri alikuwa ananiachia mlango niuingie mwenyewe.

Sikuingia. Halmashauri ikaamua kwamba tangu siku hiyo Muhtasari usitoke bila idhini ya mjumbe anayeijua programu. Mwenyekiti akatazama meza, mtu akanitaja mimi, nami nikakubali.

Basi kwa miaka tisa, kila Alhamisi jioni, mwanamke aliyenibebea kosa langu ameniletea kazi yake niikague. Ni zaidi ya matoleo mia nne na sitini. Sikuwahi kubadilisha hata neno, maana hapakuwa na la kubadilisha. Niliandika chini maneno mawili, "Sawa, endelea," nikamrudishia. Kabla ya hapo alikuwa akilituma jarida saa nne kamili asubuhi, amesimama, macho kwenye saa ya ukutani ambayo shemeji, fundi saa, alimtengenezea kwa kazi hiyo. Baada ya hapo alilituma nilipokumbuka kulirudisha. Mara nyingine ilikuwa saa sita, mara nyingine saa nane. Wasomaji walipouliza kwa nini jarida linachelewa siku hizi, aliwajibu kwamba liko njiani. Hakuwahi kuwaambia liko kwa nani.

Kila mwaka nilijiambia kwamba mwaka huu nitasema. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, kwa sababu kila Alhamisi aliyedanganywa alinisaidia kuitengeneza. Orodha yetu ni ya wazi, kila neno tuliloandikiana tangu mwanzo lipo na yeyote anaweza kulitafuta. Simu ile tu ndiyo haikuacha alama. Ningeandika mstari mmoja aliouomba, ningekamatwa siku ileile na haya yote yasingekuwepo.

Toleo lake la mwisho, la 1,091, limetoka Ijumaa iliyopita. Lilibeba habari tisa na majina sita ya Mikono Mipya. Lilitoka saa tano na robo, kwa idhini yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu hii nilisimama mbele ya halmashauri nikasema niliyopaswa kusema kwenye kile kiti cha tatu. Nimejiuzulu ujumbe, na sharti la idhini limefutwa. Mhariri ajaye atatuma jarida lake saa nne bila kumsubiri mtu. Aliyestahili uhuru huo haupati tena hata kwa wiki moja.

Kwa niaba ya watunga programu mia tatu, na ya wakutubi wasiohesabika ambao Ijumaa hii watafungua barua zao wakitafuta mwandiko wake, tunamshukuru. Alitufundisha kusema jambo mara moja na kwa ufupi. Shemeji, tunakurudishia mkeo pamoja na Alhamisi zake zote. Feni washeni mtakavyo. Dada, tunakutakia macho yenye afya, usingizi mpaka jua lipande, na vitabu vya kusoma bila kuvikata. Saa ya ukutani ni yako, tumeshaifunga kwenye boksi.

Imebaki kusema jinsi wasifu huu ulivyopita. Jana, Alhamisi, niliuchapa nikaupeleka kwenye meza yake, nikiomba idhini yake. Katika rasimu yangu nilianza na tarehe na pongezi, kama desturi ilivyo. Masahihisho niliyaweka karibu na mwisho, aya ndefu, yenye sababu tano: ujana, haraka, mkutano, mtandao, na hofu. Nilisimama pale kama mwanafunzi. Alisoma yote bila kuinua kichwa, akaniomba nizime feni, kisha akatoa mkasi.

Sababu zote tano alizikata akazitupa kwenye kapu. Sentensi tatu zilizobaki alizisogeza kwa kidole mpaka juu kabisa ya ukurasa, hapo mlipozikuta. Nilisubiri aseme chochote, hata anigombeze. Akachukua kalamu, akaandika chini maneno mawili, akanirudishia karatasi yangu.

"Sawa, endelea."