Aliyehesabu Uduvi wa Kavuu

Wasikilizaji wapendwa, mgeni yule hakutazamiwa. Ilikuwa Desemba ya mwaka 1973. Mama Verdiana wa Usevya alikuwa majini, maji yamemfika magotini, pale Mto Kavuu unapoingia Ziwa Rukwa. Alikuwa akivua uduvi kwa kapu. Akasikia chupa zinagongana nyuma yake. Kijana mmoja alikuwa akisukuma baiskeli matopeni.

"Shikamoo mama. Hapa pana uduvi wangapi?"

Mama Verdiana alimtazama toka viatu mpaka nywele. "Marahaba. Wewe ni mtu wa kodi?"

Siye. Aliitwa Sixte, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alitaka kujua uduvi huongezeka lini na hupungua lini, pale maji ya mto yanapokutana na maji ya magadi ya ziwa. Wavuvi walicheka. "Ukimaliza hao, uhesabu na mvua!"

Siku hiyo hiyo Sixte aliandika kwamba pana uduvi wa aina mbili: weupe, na wenye tumbo la kijani. Mama Verdiana akachungulia ndani ya chupa.

"Baba, hiyo siyo aina nyingine. Huyu ana mimba."

Sixte akafuta. Tangu hapo akajua nani mwalimu.

Kabla ya kurudi Mpanda kupanda treni, alimwachia daftari. Kila mwezi ukiandama, avute kapu hatua kumi. Ahesabu wote. Ahesabu wenye mayai. Kisha awarudishe majini wakiwa hai, wote.

"Mwezi mmoja ukikosekana, mama, mwaka mzima umepotea."

"Sitakosa," alisema Mama Verdiana.

Hakukosa. Miezi kumi na moja, hakukosa. Mwezi wa kumi na mbili ndio uliomjaribu.

Wasikilizaji, mnaukumbuka ukame wa sabini na nne. Novemba ile Kavuu ulikatika. Mdomoni pa mto likabaki dimbwi moja, na uduvi wote wamesongamana humo. Ng'ambo ya dimbwi alilala mamba, taya wazi. Na huku watu wamesimama na vyandarua, wameongozwa na Makarius, mdogo wa marehemu mume wake. Nyumbani kwa Mama Verdiana unga ulikuwa umekwisha tangu siku mbili nyuma.

"Shemeji, toka tuvue," alisema Makarius.

"Nihesabu kwanza."

"Nyie mnamsikia? Watoto wanalia, yeye anahesabu!"

Aliingia majini. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Kwenye hatua ya sita mamba akafunga mdomo, akateleza majini bila sauti. Watu wakapiga kelele. Mama Verdiana alisimama, kapu mkononi, macho kwenye maji. Hakurudi nyuma. Akamaliza hatua nne zilizobaki, akatoka.

Alihesabu akiwa amechuchumaa. Uduvi mia mbili. Mia moja sitini walikuwa na mayai. Binti yake Natalia, wakati ule msichana wa miaka kumi na minne, alisimama kando yake. Juzi alituambia hivi, nyumbani kwake Kawajense, huko Mpanda: "Mimi sikumwona mamba. Niliona kapu tu. Nilikuwa na njaa."

Mama Verdiana alimtazama bintiye. Akaliinamisha kapu. Wote mia mbili wakarudi majini.

"Umerogwa na yule wa chupa?" Makarius alifoka.

"Shemeji, hawa ni mama watupu. Niachieni upande wa matete tu. Kwingine kote vueni."

Walimwachia, kwa kunung'unika. Jioni ile kila nyumba ilinukia uduvi. Yeye na Natalia walikula mlenda bila ugali. Hakuna shemeji aliyewapelekea hata kibakuli.

Mvua ziliponyesha, uduvi walitokea upande wa matete. Sixte alirudi, akachukua daftari lenye miezi kumi na miwili, akaacha jipya. Mama Verdiana akaendelea kuhesabu, mwaka baada ya mwaka, mpaka miguu ikagoma. Akiwa kitandani alimwomba Natalia jambo moja: mwezi usipite bila kuhesabu.

Mama Verdiana alifariki mwezi huu, Oktoba 1979. Siku mbili baada ya maziko, mwezi ukaandama. Na kwao mfiwa hashuki mtoni kabla matanga hayajaanuliwa.

"Ukienda," Makarius alimwambia Natalia, "usirudi kukaa na sisi msibani."

Mzee Makarius, pole. Ulimzika shemeji yako kwa heshima, na mila unazozilinda ni za wazee wako. Natalia, pole sana. Na nyie wapendwa mnaotusikiliza, kesho mkienda kuchota, iwe mtoni au ghalani, tazameni kwanza mnachota nini, na mnamwachia nani.

Natalia alikwenda. Alivuta kapu hatua kumi, akilia. Uduvi mia moja na arobaini. Wenye mayai, sitini na watatu. Akawarudisha wote. Akaandika. Kisha akaketi kwenye matete, peke yake, akamaliza matanga ya mama yake hapo.