Macho Yaliyobaki katika Kitabu cha Asharatna

Wazee wa hekalu letu, ndugu na majirani mliofika hapa mtoni, kabla moto wa kumchoma marehemu haujawashwa na kabla sijasoma maisha ya kaka yangu Asharatna Bajracharya, naomba nianze na kosa langu, maana nikiliruka nitakuwa nimewasomea uongo: mwaka 1979 aliyechora macho ya mungu wa kike katika kitabu cha siri cha ibada hakuwa yeye, nilikuwa mimi, Tirtharatna, na daraja takatifu la kuruhusiwa kufanya hivyo sikuwa nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1951 hapa Patan, mtoto wa kwanza wa mzee Kulamuni, akasoma hadi darasa la saba, na kuanzia mwaka 1965 akakaa karibu na baba akijifunza kusugua karatasi nyeusi kwa jiwe mpaka ing'ae, kusaga dhahabu na gundi, kuandika maneno matakatifu na kuichora miungu kati yake, akapewa daraja mwaka 1972.

Tarehe 9 Machi 1976 alimwoa Lakshmihera, wakajaliwa mtoto mmoja, Muniswari, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1981.

Mnajua kwamba mungu asiye na macho bado ni rangi tu, macho yakiwekwa amefika, ndiyo maana huwekwa mwisho, na mwenye daraja, akiwa amefunga. Siku ile kaka alikwenda mji wa Bhaktapur, nami kwa kiburi cha miaka kumi na minane nikashika brashi yake. Wazee mlipoona macho yamekosewa mkakaa kuuliza ni mkono wa nani, akajibu, "Ni mkono wa nyumba yangu," nami nikatazama ndala zangu, mkauhesabu kuwa mkono wake, mkamkataza asiweke macho tena maisha yake yote. Nyumbani aliniambia tu, "Bwana mdogo, lile la kushoto umelitia kengeza," tukala wali, nikanyamaza miaka arobaini na mitano.

Tangu hapo alikamilisha vitabu thelathini na kimoja, na kila kimoja alikifunga kitambaa chekundu, akakibeba mchana kweupe hadi nyumba nyingine kikawekewe macho, shemeji akimtania, "Mpishi gani wewe, chumvi unaonjewa na jirani." Muniswari alifundishwa na baba yake mwenyewe, na mwaka 2019 binti naye akapewa daraja.

Novemba iliyopita miguu ilianza kuvimba, figo zikachoka, akafariki leo tarehe 12 Mei 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu, na juu ya meza yake kimebaki kitabu kimoja, kimekamilika chote isipokuwa macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, chama chetu cha mazishi kilichombeba, majirani mlioshinda nasi, na waandishi wenzake mliomwekea macho miaka yote bila kumcheka.

Pumzika kwa amani, kaka, mkono wako ulikuwa safi. Nanyi wazee, adhabu ile nipeni mimi, na siku za msiba zikiisha mruhusuni Muniswari ayaweke macho ya kitabu hiki, nyumbani, kwenye meza ya baba yake.