Sista Kausar na Ladu za Chumba cha Giza

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Sista Kausar Tasneem, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya macho hapa Kot Mehar, Punjab, anastaafu tarehe 30 Juni.

Alipoanza kazi, mtoto asiyeona gizani aliandikiwa karoti na kurudishwa kwao. Yeye aliongeza swali: mama na baba ni ndugu wa namna gani? Swali hilo lilihesabiwa kuwa utovu wa adabu, maana mji mzima ulijua jibu. Hapa kwetu kuozana binamu hakuitwi ndoa ya ndugu. Kunaitwa kumbakiza binti nyumbani.

Chaudhari Inayat, mwenye mashamba ya karanga, alimleta mwanawe Waqas, aliyejikwaa kwenye vigingi vya kufungia mbuzi kila magharibi.

"Ni mwezi, Sista. Mama yake alikata vitunguu mwezi umepatwa, naye ana mimba."

"Mama yake ni nani wako?"

"Binti wa ami yangu."

"Na mama yako kwa baba yako?"

"Binti wa shangazi yake."

"Basi kwenu mwezi unapatwa sana, Chaudhari."

Sista alimweleza kwa upole kwamba si kila ndoa ya binamu huzaa mgonjwa. Lakini mtu mwenye macho mazima aweza kubeba kasoro ya retina bila kujua, na wakioana wawili walioirithi kwa babu mmoja, mtoto aweza kuipokea pande zote mbili. Chaudhari alisikiliza kwa heshima, akashukuru, akaenda kumwahidi binti yake Shumaila kwa mwana wa kaka yake.

Kisha akaja kliniki na familia nzima kugawa ladu za uchumba, madonge matamu ya unga na sukari. Sista hakuonja. Alimwalika bwana harusi, Tanvir, kijana mtanashati ambaye hakuonekana nje baada ya jua kuzama. Familia ilisema ni uchaji. Akamwingiza katika chumba cha giza, mlango ukiachwa wazi kidogo, akamwekea sinia la ladu mezani, kando ya kikombe cha kalamu.

"Karibu, bwana harusi. Jihudumie."

Tanvir alipapasa, akachomoa kalamu kutoka kikombeni.

Shumaila alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya mama yake. "Baba," alisema, "ladu ziko mbele yake."

Uchumba ulivunjika. Kaka yake Chaudhari aliapa kumfukuzisha Sista kazi, akamsusa kwa miaka mingi, hata alipomleta Tanvir kliniki kila mwaka kupimwa. Shumaila aliolewa na mwalimu kutoka Jhelum, asiye na nasaba nao hata ya mbali. Mpaka leo baba mkwe humwita "yule mgeni", hasa anapokwenda kula kwake.

Watumishi wenzetu watakaokaa viti vya mbele katika sherehe ya kumuaga, ambao wengi wao wameoana na binamu zao, wanaombwa wasicheke kupita kiasi.

Chaudhari Inayat ameomba kusema machache katika sherehe. Tunamsihi auache mwezi nje. Ladu ataleta yeye, na zitagawiwa jioni, kabla taa hazijawashwa, na mjukuu wake, binti wa Shumaila, ambaye hajawahi kujikwaa kwenye kigingi. Sista amesema safari hii ataonja.

Asante, Sista Kausar. Nenda ukapumzike, na jioni zako zote ziwe njema.