Kisungura wa Kambi ya Tatu

Kijiwe cha kijiji ni benchi la nyumba ya tanuri linalopasha kijiji joto, pale bomba la maji moto linapotokea ukutani na kupasha migongo ya watu. Mwezi wa tisa misonobari ya huku hugeuka manjano na kuangusha sindano zake polepole ndani ya vikombe vya chai, na hakuna anayejali kuzitoa. Hapo hukaa mzee aitwaye Redio, aliyechunga kulungu wa theluji miaka thelathini na sasa anachunga habari. Kando yake hukaa Kofia, ambaye hata mkewe hajui kama ana nywele. Shangazi Agrafena huwamiminia chai, naye maneno yake ni ya kuhesabika. Siku moja Marfa alikuja, mtoto amelala kifuani, barua mkononi.

Aliwasomea kwa sauti ndogo. Watu wa makumbusho ya mjini walikuwa wanapanga upya koo za kisungura-mawe, yule mnyama wa ukubwa wa ngumi anayekata majani na kuyaanika kati ya mawe kwa ajili ya baridi. Wa magharibi ya mto Hulan ana rangi ya majivu, wa mashariki ana rangi ya kutu, na mto ndio mpaka wao. Lakini ipo ngozi moja inayowasumbua. Ilitolewa na Semyon, marehemu baba yake Marfa, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Rangi yake ni ya kutu, na kibandiko kinasema "Kambi ya Tatu". Kwenye ramani Kambi ya Tatu iko magharibi. Wasipopata maelezo wataandika "mahali hapajulikani", ngozi irudi sandukuni. Helikopta ya posta inaondoka mchana huo.

Redio alicheka mpaka chai ikamwagika.

— Kambi ya Tatu ni sisi wachungaji, mwanangu. Tulipolala ndipo ilipo.

Ikajulikana basi jinsi kosa lilivyozaliwa. Mtaalamu wa makumbusho aliyekuja kwao mwaka ule aliuliza hapa panaitwaje, Semyon akamjibu kweli tupu. Mtaalamu akatafuta kwenye ramani, akakuta Kambi ya Tatu imechorwa magharibi, pale penye ghala la chumvi la wachungaji.

— Siku ile mlikuwa wapi, mjomba? Marfa aliuliza.

Hakusema kwa nini alitaka kujua. Tarehe ya kibandiko ilikuwa tarehe yake ya kuzaliwa. Cheti chake kinasema amezaliwa kijijini, na kijijini hakuna aliyemwona akizaliwa. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Baba alimwambia tu, "Ulizaliwa kambini," kana kwamba hilo linatosha.

Redio alisema magharibi, kwa sababu alikumbuka samaki. Kofia alisema mashariki, kwa sababu alikumbuka mbu. Wakabishana samaki na mbu mpaka kikombe cha pili. Kwenye cha tatu, Redio alikubali rangi ya kutu, ila akasema kisungura huyo alivuka mto juu ya barafu.

— Wazee walisema haraka haraka haina baraka.

— Hiyo inaingiaje hapa? Kofia akamuuliza.

— Kisungura hana haraka. Ukimwona magharibi leo, ujue safari aliianza babu yake.

Kofia hakukubali kushindwa. Alidai kwamba mto ndio uliohama usiku mmoja, wanyama wamelala, wakaamka ng'ambo bila kunyanyua mguu. Kisha akafumba macho, sauti ikalainika.

— Mimi nitawaambia. Visungura wote ni yule yule mmoja. Kila tulipohamia nilimsikia akipiga mluzi chini ya mawe, sauti ile ile. Alikuwa anatufuata na majani yake mdomoni.

Mvuke wa bomba ulipita mbele yao, na milima ya pande zote mbili, yenye theluji mpya vichwani, ikapotea na kurudi. Marfa aliitazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua mama.

Saina, muuguzi aliyekuwa na mwezi mmoja tu kijijini, alikuwa amekuja kumpima mtoto uzito, akasimama kusikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Siku ile hema lilisimamishwa na nani?

Kofia akashika kofia. Wazee hao wawili walikuwa malishoni na kulungu. Jioni walirudi, wakakuta hema limesimama na moshi unatoka, wakaingia kula. Miaka thelathini hawakuwahi kuuliza.

— Mimi, alisema shangazi Agrafena.

— Sasa mbona ulinyamaza, shemeji? Redio akauliza.

— Mlikuwa mnaongea.

Aliliweka chini birika, lilikuwa tupu.

— Ilikuwa mashariki, Marfa. Tulipaswa kuvuka mto siku ile, mama yako akashikwa na uchungu. Yule mtaalamu alikuwa akiomba kisungura tangu wiki iliyotangulia. Baba yako alikataa kwenda mbali na hema, akamchukua wa pale pale mlangoni, kwenye mawe. Kondo yako niliifunga kwa ngozi laini, nikaitundika, kama desturi yetu, kwenye msonobari wenye vichwa viwili. Chini yake kisungura alikuwa ameanika majani.

Kwa mbali helikopta ilianza kunguruma. Marfa aliigeuza barua, akaandika nyuma yake kwa herufi za kutulia: mashariki ya Hulan, mlangoni pa hema, kwenye mawe chini ya msonobari wenye vichwa viwili. Kalamu ikasita.

— Bado upo, shangazi?

— Kambi ndiyo inayohama, mwanangu.

Marfa akaikunja barua. Mtoto alifungua macho, akaanza kutazama upande wa mashariki, au pengine mvuke tu.