Herufi Tatu za Mama Scolastika

Mheshimiwa Diwani wetu, wazee wetu shikamooni, Ndugu Mwalimu Mkuu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wachimbaji mlioacha maduara yenu ya kuchimbia dhahabu leo kwa heshima ya mama mmoja, kwa salamu ya kwetu, mwangaluka.

Mimi Donatus, mwenyekiti wa kamati ya maktaba yetu hapa Bugarama, nimepewa dakika chache za kumuaga mkutubi wetu, Mama Scolastika, anayestaafu leo. Nitazitumia kukiri kosa.

Mnamkumbuka yule mtaalamu wa miamba kutoka Bhutan, nchi ya milimani huko Asia? Alipoondoka alituachia kitabu cha hadithi za Kidzongkha, lugha ya taifa lake. Hapa kwetu kila kitabu hubandikwa mgongoni alama ya lugha yake, na kisicho na alama huingia boksi la Mengineyo, ambalo kila Desemba huenda kwa wauza karanga. Nikasema, "Mama, kitie boksini. Nani atakisoma?"

Akanitazama juu ya miwani. "Baba Rhoda, mtu katuachia lugha yake, sisi tuifungie karanga?"

Siku tatu alipekua orodha ya kimataifa ya alama za lugha, hadi akaipata: dzo. Akaibandika huku akiimba. Na kwa kuwa hajui kuacha kazi katikati, akaendelea kushuka na orodha, akakuta suk. Naam, Kisukuma chetu. Alama yetu ilikuwapo miaka yote, sisi ndio hatukuitafuta.

Mnadhani alikwenda wapi? Moja kwa moja kwenye boksi nililokwisha kulifunga kamba. Akatoa madaftari kumi na moja ya Kisukuma yaliyoletwa na wazee, na mojawapo lilikuwa la nyimbo za ngoma alizoandika marehemu baba yangu, mzee Onesmo, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Nililia mbele za watu, sioni haya kusema. Muuza karanga alikuwa aje kesho yake asubuhi.

Leo rafu ya suk imejaa. Ya dzo ina kitabu kimoja tu, na Mama anakifuta vumbi kila Jumatatu, akisema kisikose nafasi pembeni, huenda kikapata ndugu.

Mama, boksi la Mengineyo tumelifuta kazi. Ndilo tulilofungia zawadi yako: nakala ya daftari la baba, na ile alama mgongoni nimeibandika mwenyewe.

Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu, nashukuru. Na wewe Mama, kwa niaba ya baba yangu, asante sana, wabeja gete.